Mtoto wa Kilwa na Historia ya Kilwa

Mtu akisimama pwani ya Kilwa Masoko asubuhi, bahari ikiwa imetulia, huona kwa macho yake kuta za Gereza ng'ambo ya pili, katika Kilwa Kisiwani. Masafa ni kiasi cha kilomita 2 tu. Mashua yenye upepo mwema huyamaliza kabla jua halijawa kali. Kisiwani huko ulikuwapo mji uliotawala biashara ya dhahabu ya Sofala, uliopiga sarafu zake wenyewe za shaba, na uliojenga msikiti mkuu wa mawe wenye kuba ambao kuta zake zingali zimesimama. Tangu mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kuyatazama.

Mtoto wa Masoko huyaona magofu hayo kila siku ya Mungu. Lakini je, huyasoma wapi? Huyasoma daftarini. Mwalimu huandika ubaoni, mtoto hunakili, kisha hukariri: sababu 5 za kuinuka kwa miji ya pwani, sababu 5 za kuanguka kwake. Mtihani ukipita, sababu nazo hupita. Hapana shaka wako vijana wanaomaliza kidato cha nne katika wilaya hii bila kukikanyaga kisiwa hicho hata siku moja. Hatusemi haya ili kumlaumu mwalimu. Sisi wenyewe tulifundishwa hivyo hivyo, tukafaulu, na leo ukituamsha usingizini tutakutajia zile sababu 5 kwa mfuatano wake, ijapokuwa hatukuwahi kujiuliza ni nani aliyeamua kuwa ni 5, wala kwa nini zisiwe 3 au 8.

Jambo hili twalileta mbele ya wanachama na wafanyakazi kwa sababu wakati wake umefika. Desemba 2020 Rais John Magufuli aliagiza kwamba Historia ya Tanzania iwe somo linalojitegemea. Na tangu Januari 2024, kwa kufuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, shule zimeanza kufundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni somo la lazima, lafundishwa kwa Kiswahili, na katika sekondari lilianza na kidato cha kwanza. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, historia katika shule ya msingi ilikuwa imefungwa katika furushi moja na jiografia chini ya jina la Maarifa ya Jamii, na yeyote aliyepata kufunga mizigo anajua kwamba kitu chembamba katika furushi ndicho hupotea kwanza.

Wanachama wengi wamelifurahia somo hili jipya, nasi twalifurahia. Hata hivyo, somo laweza kutangazwa kwa waraka wa kurasa 2. Kulifundisha ni kazi nyingine kabisa. Na tunaona hatari moja ambayo yafaa isemwe mapema, tena isemwe katika ukurasa wa gazeti la Chama, ili isije ikaonekana kuwa ni maneno ya watu wasiotutakia mema. Hatari yenyewe ni kwamba sisi watu wazima twaweza kulichukua somo hili tukalifanya mahali pa kujisifia, na watoto wakalikariri vilevile walivyokariri zile sababu 5.

Turudi nyuma kidogo. Wazee waliosoma katika shule za kati wakati wa utawala wa Mwingereza husimulia jinsi walivyofundishwa safari za Vasco da Gama na za Livingstone, na wafalme wa nchi ambayo hawakutazamia kuiona. Kuhusu magofu ya Kilwa, mkoloni alikuwa na maelezo yake: kazi kubwa kama ile haikuweza kuwa ya Mwafrika, basi aliyeifanya ni Mwarabu au Mwajemi aliyehamia. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, jambo mojawapo lililofanywa kwa haraka lilikuwa kuyaondoa mafunzo hayo. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Machi 1967, Mwalimu Nyerere aliweza kuandika kwamba watoto wetu hawafundishwi tena historia ya Uingereza na ya Ulaya peke yake, na kwamba Chuo Kikuu chetu kinawapatia walimu habari za historia ya Afrika kwa kasi ambayo watu hawakuitazamia. Haikuwa majivuno. Mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu walitoa kitabu cha historia ya Tanzania kilichoandikwa kwa jicho la mwenye nchi. Mwaka 1972 Walter Rodney, mwana wa Guyana aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, akatoa kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika, kikasomwa dunia nzima.

Basi yaliyomo yalibadilika. Namna ya kufundisha je? Hapo ndipo penye mashaka yetu. Mahali pa majina ya wafalme wa Kiingereza tuliweka majina ya machifu na mashujaa wetu, na hilo lilikuwa jema na la haki. Lakini mtoto aliendelea kukaa kimya, kunakili na kukariri. Kasumba haikai katika majina tu. Hukaa pia katika desturi ya kuamini kwamba ukweli ni kitu kinachoteremka kutoka juu, na kwamba kazi ya aliye chini ni kukipokea.

Tuchukue swali lile la nani aliijenga Kilwa. Mkoloni alisema: wageni. Sisi kwa hasira ya haki tukajibu: ni Waafrika watupu, mgeni hakuwa na lake. Wachimbaji wa mambo ya kale, akiwamo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaonyesha kwa ushahidi wa vyungu na vifaa vya chuma kwamba miji hii ilichipuka katika jamii za wakulima na wavuvi zilizokuwapo pwani tangu zamani. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu wapatao 80 waliozikwa kale katika pwani ya Afrika Mashariki na sehemu za bara, miongoni mwao wakiwa wa Kilwa na Songo Mnara. Ilionekana kwamba tangu kiasi cha mwaka 1000 wengi katika miji hiyo walikuwa na mchanganyiko: kwa upande wa mama hasa asili yao ni ya Kiafrika, na kwa upande wa baba, mara nyingi, ni ya Asia, hususan Uajemi. Wazee wa Kilwa ambao hadithi yao ya kale ilimtaja mwana wa mfalme kutoka Shirazi walichekwa na wasomi wengi. Kumbe hawakuwa wakitunga yote. Na mkoloni aliyemtoa Mwafrika katika mji wake mwenyewe aliumbuka zaidi, kwa kuwa mama wa mji ule, mwenye lugha ya mji ule, alikuwa Mwafrika. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kabisa kuelewa mambo haya. Aweza kuona jinsi jibu linavyobadilika ushahidi mpya unapopatikana, na kwa nini hilo si aibu kwa mtu yeyote. Ila hawezi kuyaelewa ikiwa kitabu chake kimempa sentensi moja ya kukariri.

Kuna na suala la lugha, nalo hatutalizunguka. Mtoto wa Kilwa husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwao na ya mji ambao historia yake anaisoma. Akifika kidato cha kwanza, kwa miaka mingi sana historia ilimgeukia ikawa ya Kiingereza. Mambo aliyoyajua akawa hayajui tena. Alijua nini maana ya jumbe, ya akida, ya msafara, ya mtumwa na mwungwana. Sasa alitakiwa ayaeleze hayo kwa lugha ambayo hata mwalimu wake huitumia kwa tahadhari. Nani atashangaa basi kwamba mtoto huyo alikimbilia kukariri? Mtu asiye na maneno yake mwenyewe hana budi kuazima ya daftari. Somo jipya kufundishwa kwa Kiswahili ni ushindi ambao wengine wetu tuliusubiri tangu ujana. Lakini lile somo jingine la Historia, lenye habari za Afrika na za dunia, lingali linafundishwa kwa Kiingereza, na hivyo mtoto huambiwa, bila kutamkiwa, kwamba habari za kwao zasemeka kwa Kiswahili na habari za ulimwengu hazisemeki. Hatukubaliani na hilo.

Sasa tueleze tunachokitaka, maana kulalamika ni rahisi. Tuchukue kipindi kimoja cha historia katika shule mojawapo ya Masoko. Mada ni safari ya Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331. Desturi ni kuwaambia wanafunzi kwamba mgeni huyo aliusifu mji kwa uzuri wake, nao wanafunzi huandika hivyo na kufunga daftari. Ni kweli aliusifu. Lakini mwalimu akiwasomea habari zile hadi mwisho, watakuta kisa cha Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa kwa lakabu Baba wa Vipaji kwa ukarimu wake. Fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba Sultani nguo alizozivaa. Sultani akazivua akampa. Mwanawe akazichukua tena nguo zile kutoka kwa fukara, na kwa badala yake akampa watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru fukara aongezwe watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu.

Hapo mwalimu na anyamaze kidogo. Hana haja ya kuhubiri. Watoto wenyewe watauliza: watumwa 20 hao walikuwa kina nani? Walitoka wapi? Kwa nini msafiri anayekisimulia kisa hiki kwa sifa hakuwataja hata kwa neno moja zaidi ya idadi? Na ukarimu ule ulikuwa ukarimu wa mali ya nani? Kwa dakika 40 za kipindi kama hicho mtoto amejifunza kusoma maandishi na kukiona kilichoachwa, na ufundi huo atautumia maisha yake yote, akiwa kiwandani, shambani au ofisini, kila atakapopewa karatasi atie sahihi.

Kisha na wavuke. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe 8, lililojengwa juu ya mwamba unaotazama bahari. Yaonekana halikupata kumalizika. Wanafunzi wachukue kamba na rula wapime upana wa vyumba. Wataona kwamba vyumba vingi ni vyembamba, na upana wake waelekea kuwa mmoja. Kwa nini? Mwanafunzi mwenye baba fundi aweza kujibu kabla ya mwalimu: dari ile ilibebwa na boriti za mkoko, na mkoko hautoi boriti ndefu kupita kiasi, basi upana wa chumba cha Sultani uliamuliwa na mti wa matopeni. Wataona mawe ya matumbawe, na wataelezwa jinsi matumbawe yanavyochongeka yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka. Wataona chokaa, nao wajiulize ni kuni kiasi gani zilizochomwa ili kuipata, nani alizikata, nani alizibeba kichwani kupanda mwamba ule.

Majina ya masultani tunayo, yako juu ya sarafu. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Jinsi zilivyofika huko watu wangali wanabishana. Majina ya wachonga mawe hatunayo hata moja. Kazi yao ndiyo iliyobaki. Wafanyakazi wanaosoma ukurasa huu, na hasa wale wanaomwaga zege katika bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2023, wataelewa kwa nini tunalikazia jambo hili. Historia iliyoandikwa na wanaokula karamu humsahau aliyejenga ukumbi.

Kuhusu Gereza tutasema neno moja, kwa kuwa linatufurahisha. Mreno Francisco de Almeida aliiteka Kilwa Julai 1505, akajenga ngome, na wenzake wakaondoka mwaka 1512; jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la zama za Waarabu wa Oman. Lakini neno gereza, kama wasemavyo wataalamu wa lugha, latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Darasa la watoto wa miaka 14 likiachiwa swali hilo, jinsi nyumba ya ibada ilivyogeuka kuwa nyumba ya kufungia watu katika masikio ya wenyeji, halitahitaji mwalimu kwa saa nzima.

Mambo huwa mazito zaidi tukitoka Masoko kwenda kaskazini kiasi cha kilomita 30, hadi Kilwa Kivinje. Hapo ndipo pa kuujaribia moyo wa mwalimu, na wetu pia.

Biashara ya watumwa haikuanzia Kivinje. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 Kivinje ikawa bandari kubwa ya biashara hiyo kwa upande wa bara. Misafara ilitoka pande za Ziwa Nyasa, watu wakashuka pwani kwa maelfu. Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akishurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kuzuia usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Hata baada ya hapo wengi waliswagwa kwa miguu kufuata pwani kuelekea kaskazini.

Mambo haya tunayafundisha kwa namna gani? Rahisi ni kusema Mwarabu na Mzungu waliwauza Waafrika, kisha tukaendelea na mada nyingine. Ni kweli kwamba faida kubwa ilikwenda mbali, na kwamba mashamba ya sukari na karafuu ndiyo yaliyoita. Lakini misafara ile iliongozwa pia na watu wa bara, mateka walikamatwa na majirani zao, na katika miji ya pwani waungwana waliwamiliki watu. Leo katika darasa moja la Kivinje huweza kuketi dawati moja wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza, na nyumbani kwao yako mambo yanayosemwa kwa mnong'ono. Mwalimu anayeogopa minong'ono hiyo huandika mistari 6 ubaoni na kufuta. Mwalimu tunayemtaka huyasema wazi mbele ya wote, kwa heshima, ili mtoto yeyote asibebe aibu ya babu yake wala asijivunie ukubwa uliotoka katika minyororo.

Kivinje hiyo hiyo ina mashujaa wake. Septemba 1888 wenyeji waliikataa kampuni ya Wajerumani, na watumishi wake 2 wakauawa hapo. Hassan bin Omari Makunganya aliendelea kuwasumbua Wajerumani hata wakamkamata na kumnyonga mwaka 1895, na mwembe ulionyongewa watu ulibaki katika kumbukumbu za mji kwa jina la Mwembe Kinyonga. Ni shujaa huyu. Alikataa kutawaliwa na alilipa kwa shingo yake. Lakini wanahistoria humtaja pia kuwa mtu wa biashara ya misafara, pamoja na ile ya watumwa. Basi tumfanyeje? Tumfute? Tumpake chokaa aonekane mweupe? Sisi twaona aachwe kama alivyokuwa. Mtoto wa miaka 16 anajua tayari, kwa kuwatazama watu wazima wa mtaani kwao, kwamba mtu mmoja huweza kuwa jasiri na kuwa na hatia. Kitabu kikimwambia vinginevyo, hatamdharau Makunganya, atakidharau kitabu.

Na Maji Maji. Vita hivyo vilianzia katika vilima vya Umatumbi, huko Nandete, Julai 1905, watu walipoing'oa pamba waliyolazimishwa kuilima katika mashamba ya jumbe. Malipo ya kazi ile yalikuwa ya dhihaka: katika wilaya ya Dar es Salaam watu walipewa senti 35 kwa kazi ya msimu wa kwanza, na wengine wakakataa kuzipokea. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji na kuwaambia kwamba wao ni wamoja, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinashika moto. Vilienea hadi Ungoni na Kilombero, na Wajerumani wakavimaliza mwaka 1907 kwa kuchoma vyakula. Wengi zaidi walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Hesabu ya Wajerumani ilitaja watu 75,000; Gilbert Gwassa, mwanahistoria Mtanzania aliyewasikiliza wazee wa Umatumbi, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mtihani hutaka tarakimu moja. Sisi tungetaka mwanafunzi aulizwe kwa nini tarakimu hizo zatofautiana, na ni nani aliyekuwa na sababu ya kuhesabu wachache.

Namna tuliyoyajua haya ndiyo inayotupa tumaini. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, iliwatuma wanafunzi wake vijijini wakati wa likizo kwenda kuwauliza wazee waliovikumbuka vita. Walikuwa vijana wenye daftari na kalamu. Wazee wale wote wamekwisha kufa. Lau vijana wasingekwenda mwaka ule, tungebaki na mafaili ya Mjerumani. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii ya kusini, akaitoa tamthilia ya Kinjeketile, ambayo imesomwa shuleni kizazi baada ya kizazi, na ambayo haikumpamba shujaa wake bali ilimwonyesha akiwa na shaka. Inafaa kukumbushwa kwamba nchi ilikuwa changa wakati huo, na Chama kilikuwa na nguvu zote, lakini hakuna aliyedhani kwamba shaka ya Kinjeketile ingeliangusha taifa.

Jambo hili sasa latuhusu sisi. Ikiwa vijana wa 1968 waliwauliza wazee habari za 1905, vijana wa leo watawauliza wazee wao habari za nini? Watawauliza habari za Uhuru, za vita vya Msumbiji vilivyopiganwa jirani, na za Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Serikali iliamuru kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Mzee aliyekuwa kijana wakati huo yuko hai bado. Mmoja atamwambia mjukuu wake kwamba kijijini ndiko alikopata shule na zahanati kwa mara ya kwanza. Mwingine atamwambia kwamba nyumba yake ilibomolewa na mikorosho yake akaiacha nyuma. Wote 2 ni wananchi, na huenda wote 2 wana kadi ya Chama. Mwanafunzi akiyaleta majibu hayo darasani, mwalimu afanye nini? Akiwa anahofia kwamba kiongozi wa tawi atakasirika, atayatupa la pili na kuliandika la kwanza, na somo litakuwa limekufa siku hiyo.

Historia ya Chama chenyewe haikuwa ya watu kuitikia kwa sauti moja. Januari 1958 mkutano wa TANU huko Tabora uligawanyika vikali juu ya kushiriki au kutoshiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mwalimu alisimama na hoja ya kushiriki, hoja ikashinda, na Zuberi Mtemvu akatoka na kuanzisha chama chake cha African National Congress. Kijana akifundishwa kwamba Tabora walikuwapo wenye busara na wapumbavu tu, hatajifunza chochote. Akipewa hoja za pande zote 2 na kuambiwa azipime kwa mambo yalivyokuwa Januari ile, kabla mtu yeyote hajajua mwisho wake, ataelewa ugumu wa uamuzi ule, na heshima yake kwa waliouchukua itakuwa ya mtu anayejua anachokiheshimu.

Neno maadili lililounganishwa na historia katika jina la somo laweza kueleweka kwa njia 2. Laweza kumaanisha kuwapa watoto hadithi za watu wema wa kuwaiga. Laweza pia kumaanisha kwamba kusema kweli kuhusu waliokufa, hata wakiwa wetu, ndiyo adabu ya kwanza ya msomaji wa historia. Sisi tumo upande wa maana ya pili, na twajua kwamba wako viongozi wenzetu watakaolisoma neno hili kwa kukunja uso.

Basi yako mambo madogo yanayoweza kufanywa Kilwa pasipo kungoja waraka mwingine. Magofu yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014, na katika kazi ya kuzitengeneza kuta walishiriki mafundi wa huku huku waliojifunza tena ujenzi wa chokaa. Mafundi hao hawana shahada, lakini kwa mtoto anayetaka kujua ukuta wa karne ya 14 ulisimamishwaje, hakuna profesa anayewashinda. Waalikwe darasani, walipwe posho yao kama mgeni mwingine yeyote. Manahodha waeleze pepo za kaskazi na kusi, ambazo katika kitabu ni mishale juu ya ramani na kwao ni riziki. Wazee wa Kivinje na Umatumbi waulizwe na watoto, si na wageni peke yao, na majibu yaandikwe katika daftari litakalobaki shuleni.

Na mashua. Kidato kimoja cha wanafunzi 40 huhitaji safari 2 au 3 za kuvuka, maji yakiwa mazuri, pamoja na jaketi za kuokolea na chakula cha mchana. Hizo si fedha za kuombea ufadhili ng'ambo. Mapema muhula ujao, kabla kusi haijachafua bahari, matawi ya Chama ya Masoko yakae na walimu wa historia na wenye mashua, yaulize gharama, yapange siku, na kidato cha kwanza kiwe cha kwanza kuvuka.